Jicho la Kambi

Tangu asubuhi Dena Ngala hakukaa kitako. Alizunguka ua wa Hawe Kahonzi, nyanya yake, kule Kaloleni, mara akipangusa lenzi kwa pindo la shati, mara akitazama jua limefika wapi. Wenzake waliokaa mkekani wakamuuliza kama ni yeye anayeolewa. Hakucheka.

Kamera iliyoning'inia shingoni mwake ilikuwa ya kisasa, ya betri, mali ya studio ya Gitau huko Malindi alikofanya kazi. Lakini lenzi yake halisi ilikwisha kuliwa na ukungu wa hewa ya bahari. Dena akachukua lenzi kuukuu ya mjomba wake, marehemu Kambi, aliyekuwa mpiga picha wa Kaloleni, akampelekea Musembi, fundi wa Muyeye, naye akamchongea pete ya shaba ya kuunganisha viwili hivyo. Gitau alipoiona alisema ni kichwa cha babu juu ya mabega ya mjukuu, havitaelewana. Dena akamjibu kwamba atavielewanisha yeye. Gitau angoje tu.

Na kweli havikuelewana. Lenzi mpya hujifungua na kujifunga yenyewe. Hii ya Kambi ilitaka mkono: uzungushe ukingo wake ufungue tundu, upate mwanga wa kuiona sura vizuri, kisha ulifunge libaki dogo, ndipo ubonyeze. Ukisahau kufunga, jua lote linamwagika ndani na picha inatoka nyeupe kama uji.

Kilichomnyima utulivu ni ahadi. Tangu Kambi, mwanawe, azikwe, Hawe hakukubali tena kupigwa picha. Mabinti zake walimbembeleza wakachoka. Alilainika siku Dena alipomwekea lenzi ile kiganjani.

"Basi," alisema, "siku nitakayombariki Nyevu, nitazamwe na jicho la mwanangu."

Dena akautangazia ukoo mzima.

Saa ya baraka ikafika. Nyevu, bibi arusi, binamu yake Dena, akapiga magoti. Hawe, kajifunga hando yake nyeupe yenye marinda, akachota maji kwa kata, akayatia kinywani. Dena akafungua tundu, akaipata sura: makunyanzi, shanga, mashavu yaliyojaa. Hawe akapuliza. Matone yakametameta usoni mwa Nyevu. Dena akabonyeza.

Kisha akautazama ukingo wa lenzi. Tundu liko wazi.

Wanawake walikwisha anza vigelegele alipopaza sauti. "Hawe, rudia. Rudia maji tu."

Vigelegele vikakatika. Mzee Gona, baba wa Nyevu, akasimama na bakora, akiuliza huyu kafunzwa na nani. Katika ukoo wao baraka haitolewi mara mbili. Ya pili huifuta ya kwanza, na bibi arusi akaondoka mikono mitupu. Nyevu akainua uso uliolowa, akamtazama Dena kama mtu aliyemkanyagia chakula.

"Keti, Gona," Hawe akasema. Akamgeukia mjukuu. "Umefanyaje?"

Angeweza kuisingizia kamera, au fundi. Uongo ulimfika ulimini, akaumeza. "Nimesahau kulifunga tundu."

Hawe akacheka mpaka shanga zikagongana. "Kumbe unapiga picha kimya kama mwizi wa kuku! Kambi alikuwa akisema. Fungua, ona, funga. Kila picha, kwa sauti. Watu wakamwita kasuku. Lakini hakusahau."

Akavuta kigoda, akaketi juani, midomo ingali na maji. "Baraka imekwenda na mwenyewe. Mimi nipo. Haya, sema."

Dena, ambaye hata njiani hakumpisha mtu, akasimama mbele ya arusi nzima, masikio yakimwaka moto.

"Fungua," akanong'ona.

"Hatusikii," akasema Gona.

"Fungua." Safari hii ua wote ulimsikia. "Ona." Sura ya Hawe ikaja, ikapotea, ikaja. Mkekani wenzake walikuwa wakijipigapiga mapaja kwa kicheko. "Funga."

Akabonyeza.

Filamu iliposafishwa Malindi, picha ya baraka ilitoka nyeupe tupu, ila kivuli cha kata. Iliyofuata ilikuwa ya mwanamke mzee, tone moja kidevuni, akitazama mbele kama anayemwona mtu wake akirudi. Gitau aliiinamia muda mrefu akitafuta kosa. Dena hakungoja aseme. Alikwisha ining'iniza kamera shingoni, anatoka, midomo ikimchezacheza: fungua, ona, funga.