Mdakaji Asisogee

Mtaani walimwita Radi. Mimi mkewe nilimwita Radi ya Mbali, maana mpira wake haukuwa wa kutisha watu. Ulikuwa na kasi ya kati iliyozidi kidogo, basi, ila ukidunda unapinda na kuwaacha wapigaji wakikata upepo. Miaka nenda rudi alishinda karakana ya matairi akisubiri kuitwa timu ya taifa ya kriketi. Walipomwita, mvi zilikuwa zimeshamchungulia. Mechi ya kwanza akawatoa wapigaji wanne. Ya pili, mgongo ukaanza.

Mgongo huo niliujua mimi tu. Asubuhi nilimfunga kamba za viatu kama mtoto wa chekechea, naye akinihimiza nifunge mlango, daktari wa timu asije akapita.

"Wakijua wananitoa. Wakinitoa sirudi tena, mke wangu. Nani atamwita mzee?"

Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akaniambia nikaze kamba.

Tatizo lilikuwa kaka yangu, mdakaji wa timu, yule anayesimama nyuma ya mpigaji na vijiti vyake, kuudaka mpira unaompita. Mrushaji, kama mume wangu, akiwa mkali, mdakaji hukaa mbali. Kasi ikipungua, husogea mbele. Kwa hiyo akisogea tu, uwanja mzima unajua mrushaji amekwisha.

Asubuhi ya mechi ya tatu mume wangu alimshika kaka mkono kwenye ukumbi wa hoteli. "Shemeji, usisogee. Hata mpira ukikufikia umechoka, wewe kaa palepale."

"Na ukidondoka mbele yangu?"

"Nakuomba. Kwa ajili ya dada yako."

Kunichomeka na mimi hapo! Nilitaka kumfokea, nikashindwa, kwa sababu alikuwa analia.

Kaka akakaa palepale. Kutoka jukwaani niliona mipira ikimfikia usawa wa viatu, naye akiinama kuiokota kana kwamba ni kawaida. Jioni, mpigaji wao hodari, aliyekuwa anatumaliza, akaugusa mpira wa mume wangu kwa ncha ya gongo. Ukaenda moja kwa moja kwa kaka. Akajirusha, mikono yote miwili, ukadondoka mbele ya vidole vyake, na mpigaji akaponea hapo.

Nahodha alifoka mpaka sisi wa mbele tukasikia. "We! Mbona umesimama huko kama umekuja kutazama?"

Kaka alimtazama mume wangu, kisha akasogea, polepole, mbele ya watu wote. Alikuwa amefanya sawa, na nilimchukia.

Mume wangu akaenda kuanzia mbio zake mbali kuliko siku zote. Nikasema, Mungu wangu, usifanye. Akaja. Sijawahi kumwona akija vile. Mpira ukampita mpigaji, ukapita juu ya glavu za kaka, ukafika mpakani mwa uwanja kabla hajageuka. Uwanja ukalipuka kwa kelele.

Mume wangu alikuwa chini. Miguu haikumsikiliza. Nilipofika, machela ilikuwa njiani na kaka amepiga magoti, anamfuta uso.

"Umeuona, shemeji?"

"Nimeuona."

"Basi rudi nyuma. Zamu yangu haijaisha."

Tukambeba kuelekea nje, naye akigeuza shingo kuangalia. Kaka alirudi mpaka kulekule mbali, machozi yakimtiririka, akachuchumaa, akafungua glavu zake, akangoja.