Miaka Kumi Niliyoitupa

Kitendawili! Sema tega. Maelfu ya watu wamezaliwa siku moja, na mama zao hawajuani. Fikiri kidogo. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Mbarara? Nimekwenda, nimekula matoke, nimeshiba. Jibu ni sisi wakimbizi wa kambi ya Nakivale. Ukifika bila cheti, wanakuandikia tarehe moja Januari, na mwaka unautaja wewe.

Huo mwaka ndio ulioniponza. Siku tuliyofika, watu kwenye mstari wa kuandikishwa walinong'ona kwamba wazee hawapewi shamba. Mume wangu Néhémie akanigusa kwa kiwiko, nami nikajipunguzia miaka kumi bila hata kupepesa jicho. Tulipotoka akanicheka: "Leo nimeoa musichana!"

Shamba tulipata. Néhémie yuko chini ya udongo wa Misiera, kijiji chetu hapa kambini, huu mwaka wa sita. Mtoto wetu Gradi yuko Amerika, ni sauti ya simu tu, Jumapili kwa Jumapili. Nimebaki na jembe, na mikono hailitaki tena.

Ndipo shirika moja likaleta posho ya wazee. Kwanza ilianzia miaka themanini, halafu wakaishusha hadi sabini. Mimi nina sabini na nne. Karatasi yangu inasema sitini na nne.

Nikaenda ofisini kwao Kamukuzi, kule Mbarara. Binti mmoja, Goretti, alinipokea vizuri.

"Kaaka," akasema, maana Wanyankore humwita bibi hivyo, "mimi naamini wewe. Lakini lete mutu moja alikuona ukiwa mutoto."

Mtu mmoja! Njia nzima ya kurudi, hata nimefika Kaberebere, nilikuwa nahesabu vidoleni. Yudita, alikufa. Patrice, alikufa njiani tukikimbia. Bénédicte, hata sijui aliangukia wapi. Akabaki Adolphe, tuliyebatizwa naye siku moja mtoni kule Lemera tulikokulia. Kwetu, mliozamishwa pamoja ni rika, mtajuana mpaka kaburini.

Nilimkuta anapalilia maharagwe, mgongo umepinda kama mundu.

"Mama Gradi, unataka kuzeeka? Zeeka peke yako," akanitania. "Mimi kwa karatasi niko na sitini na moja. Naweza hata kuoa."

"Oa basi, tuone utabeba bibi harusi na mugongo gani."

Akacheka, kisha akaegemea jembe. "Nikisema umri wangu wa kweli, batachukua shamba. Nitakula nini?"

"Nani alikuambia?"

"Kule mustarini."

"Hata mimi ni kule. Miaka kumi na tatu tunaogopa mustari!"

Akainamia tena maharagwe yake. Nilirudi nyumbani, nikapika kikombe kimoja cha unga, nikala nikitazama mlango. Siku ya nne akaja, amevaa koti lililofuliwa.

"Nitasema nakujua, basi. Umri wangu usiuguse."

Tulipofika Kamukuzi, Goretti akaweka karatasi zetu mbili pamoja. Akazisoma, akazirudia.

"Mzee, wewe uko sitini na moja. Kaaka anasema yeye sabini na nne. Sasa uliona yeye mutoto namna gani, na wewe ulikuwa bado kuzaliwa? Kweli kweli, uko na miaka ngapi?"

Adolphe akatazama viatu vyake. Sikumsukuma. Shamba ni lake, na njaa itakuwa yake. Nilikaa tu nikiwaza kwamba huyu akinyamaza, hakuna tena aliye hai duniani anayejua kuwa hata mimi niliwahi kuwa mtoto, nikaruka kamba, nikachapwa kwa kuvunja mtungi. Feni ilizunguka. Nje mtu alikuwa akiuza karanga kwa sauti.

Goretti akangoja, akangoja, mwisho akafunga faili langu taratibu. "Pole, kaaka." Nikashika ukingo wa meza nisimame.

Adolphe akavua kofia.

"Sabini na tano," akasema. "Huyu nimemupita mvua moja. Andika."