Shati la Mwoka Mikate

Mwaka wa tatu wa vita, ukumbi wa shule uligeuzwa karakana, na wanawake kumi na sita walikaa humo toka asubuhi hadi alasiri wakitia viraka sare za askari. Vilikuwa vita vya shemeji kwa shemeji: wa upande huu wa reli na wa upande ule. Mashati yaliletwa kwa magunia, yamefuliwa, yamepigwa pasi, na bado yanapumua kupitia matundu ya risasi.

Hapakuwa na wa kushangaa. Msimamizi, mama mnene asiyependa uzembe, alilalamika tu kwamba shati linalopumua halikunjiki vizuri. "Zibeni, yatatulia," alisema. Kweli yalitulia. Uzi wa mwisho ukikazwa, shati lilinyamaza, likakunjwa, likavikwa kuruta mwingine.

Mama Vifungo aliitwa hivyo kwa kuwa kinywani hakukosa vifungo. Hata salamu alizipokea kwa nyusi. Mumewe alikuwa mwoka mikate. Askari walimchukua vitani akiwa na unga hadi viwikoni, hata kunawa hakuachwa anawe. Tangu siku hiyo, si barua wala fununu.

Jumatatu moja aliinua shati, likakohoa. Mara mbili kwa mkato, kisha kimya kidogo kama mtu anayeomba radhi. Kikohozi cha unga kile. Mama Vifungo akatema vifungo kiganjani.

"Umechelewa," alisema.

Akalificha chini ya rundo lake. Kila mchana, wenzake walipotoka kula uani, alilitandaza mapajani akalisimulia habari: tanuri limebomolewa, mama yake mzima ila macho, jirani yule mgomvi kapata mchumba, Mungu amsaidie mchumba. Shati halikujibu. Hata nyumbani mumewe hakuwa msemaji. Pumzi yake ilimgusa kifundo cha mkono, vuguvugu, na yeye akatamani uzito wake, akatamani kitanda kibonyee tena upande wa pili.

Alhamisi msimamizi akaliona.

"Lori la makuruta linakuja kesho saa nne."

"Huyu ni mume wangu."

"Najua. Wa kwangu alipita hapa mwaka jana. Nilimziba mwenyewe." Akalirudisha shati mezani, taratibu. "Kesho, saa nne."

Ijumaa asubuhi Mama Vifungo alikuja na mama mkwe wake, amemshika mkono. Bibi aliketi, akaweka sikio kwenye tundu, akasikiliza kitambo.

"Amekonda," alisema. "Nipe sindano."

"Niachie mimi, mama."

"Pumzi yake ya kwanza niliisikia mimi, mwanangu. Wewe nitungie uzi."

Akamtungia. Bibi alishona kwa kupapasa, naye mkwewe akamwongoza kidole. Ilipobaki mishono miwili, Mama Vifungo alimshika mkono.

"Ngoja. Avute kwanza."

Wakangoja. Shati likavuta pumzi, likajaa polepole, kifua kikainuka hadi vifungo vikakaza. Hapo bibi akamalizia mishono miwili, akafunga fundo, akaukata uzi kwa meno. Shati likabaki limejaa vilevile. Msimamizi alijaribu kulikunja mara mbili, kisha akalibeba mikononi kama alivyolikuta.

Saa nne likavikwa kuruta mmoja mrefu. "Linanibana kifuani," alisema.

"Litalegea," msimamizi akamjibu.

Mama Vifungo alimwekea sawa ukosi, akampapasa mabega yote mawili, akarudia tena ukosi ambao tayari ulikuwa sawa. Kuruta alisimama kwa adabu mpaka dereva akapiga honi. Lori likaondoka, likavuka reli.

Alasiri yakaletwa magunia manne. Bibi hakuwa ameondoka, wala hakuna aliyemwambia aondoke. Alivuta kigoda hadi kwenye gunia la kwanza, akawa anatoa shati moja moja na kuliwekea sikio.

"Huyu anapiga mluzi puani," alisema kwa sauti. "Ni wa nani?"

Cherehani zikasimama. Karibu na dirisha, mwanamke mmoja akaweka mkasi chini, akainuka.