Maziwa ya Kamio

Asubuhi ya Jumanne, mwaka 1954, Séraphin, fundi wa shamba la pareto la Karuba, aliwasha kamio, lori la shamba, na kuona maji ya radiatere yanatoa mapovu kabla moteri haijapata moto. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta. Kikatoka cheupe.

Joint ya culasse imeungua, ile inayotenganisha maji na mafuta. Iliungua kwa sababu Bwana Delcourt, mwenye shamba, alipandisha kamio toka Sake bila tone la maji, tena akiimba. Hilo Séraphin alilimeza. Mgongo wa kula viboko ni wake.

Akafungua chini amwage mafuta. Yakatoka maziwa, ya vuguvugu, yananukia zizi. Akaenda kutafuta ndoo safi.

Mukandori, mfugaji wa ng'ambo ya uzio, akapita, akachovya kidole, akaonja.

"Ya Gaju wangu hii."

"Uko hakika, Mama?"

"Papa Séraphin, nisahau maziwa ya ng'ombe yangu? Amekauka tangu siku kamio ilipanda. Nani anayapika humu? Maziwa haipikwe! Ukichemsha, chuchu inakauka, kila mutu anajua. Na mujukuu wangu iko nalia na njaa. Tengeneza hii kitu!"

Joint mpya ilikuwepo, stoo, imefungiwa. Lakini ili itoke, lazima kwenye kitabu liandikwe jina la aliyeharibu. Séraphin alisikia mtoto analia ng'ambo ya uzio. Aa, potelea mbali! Akaenda barazani kwa Bwana na ndoo ya maziwa.

"Jina?" Bwana Delcourt akauliza, kalamu mkononi.

"Ni wewe, Bwana. Ulipanda bila maji."

Bwana akaitazama ndoo, akaandika bila haraka: *Fundi alitia maziwa katika moteri.* Viboko vinne, kama sheria ilivyoruhusu; kwa sheria Bwana alikuwa mtu makini sana. Joint ikabaki stoo, kwani kwa nini kuharibu kamio inayokamwa?

Tangu hapo Mukandori huja alfajiri na kibuyu, anainama chini ya kamio, anakama. Maziwa ya kwanza ni ya kahawa ya Bwana. Yanayobaki, kama yanabaki, ni ya mjukuu. Séraphin humshikia taa, akiwa amesimama, maana kukaa bado kunamuuma.

Mwezi uliofuata Bwana alilalamika kwamba maziwa yananuka petroli. Akaamuru Mukandori awe ananawa mikono.