Mlango wa Nyuma Haufungiki

Abiria wa ndege ndogo ya kutoka Morogoro kwenda Songea walishafunga mikanda pale taa nyekundu ya mlango wa nyuma ilipogoma kuzimika. Rubani Lukasi alizima injini, akasema kuna hitilafu ndogo ya kiufundi, wavumilie kidogo. Nje, wingu lilikuwa limeshuka milima ya Uluguru mpaka kwenye migomba ya Bigwa.

Maimuna alishindwa kuvumilia. Binti yake, Mwanvita, alikuwa wodi ya wazazi huko Songea tangu jana, mtoto kakaa vibaya tumboni. Kwa basi angefika usiku. Aliitazama simu, akaiweka, akaitazama tena.

Fundi aliupaka mlango grisi, akaubamiza. Taa ikabaki vilevile. Alipoinama akaona mama mzee ameketi kwenye ngazi, khanga yake imejaa vumbi la kokoto, mguu mmoja kautia ndani ya ndege.

"Kuna bibi hapa," alimwambia rubani. "Ndiye anayezuia."

Maimuna alifungua mkanda, akaenda nyuma. Alikuwa mama yake, Mwanaasha, aliyezikwa kwenye shamba la ukoo kabla wenye uwanja hawajarefusha njia ya kurukia ndege.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

"Mama, unatuchelewesha."

"Walisema watatuhamisha kabla ya kumwaga lami. Tukasubiri. Likaja greda. Sasa kila ndege inanipita kifuani. Nami nataka kuondoka."

Meneja wa uwanja, Anselmi, akaitwa. Alimwamkia marehemu kwa adabu, akamweleza kuwa suala la makaburi linashughulikiwa, na kwamba hata yeye linamnyima usingizi. Kisha akauliza kama bibi ana tiketi.

Abiria mmoja alijitolea kumpakata. Lukasi akasema uzito utazidi, kwa maana Mwanaasha hakuja peke yake. Nyuma yake, kwenye majani, ukoo mzima ulikuwa umesimama foleni, kila mtu na mkeka wake kwapani.

Simu ya Maimuna ikaita. Alikuwa nesi.

"Tunampeleka chumba cha upasuaji, mama. Anakuulizia wewe tu."

Mwanaasha akamtazama.

"Nani huyo?"

"Mwanvita. Anajifungua, mama, na hali yake si nzuri."

"Mwanvita huyu wa kunichezea khanga?"

"Huyohuyo."

Bibi akautoa mguu ndani ya ndege.

"Nenda ukampokee mtoto. Akiwa wa kike, mpeni jina langu. Walau jina lihame."

Taa ikazimika. Anselmi alimshukuru bibi kwa ushirikiano, na ule ukoo ukakunja foleni yake, ukarudi ulikotoka.

Ndege ilipoanza kukimbia, Maimuna alimwona mama yake mbele, kwenye lami, anajilaza na kujifunika khanga uso. Maimuna akainua miguu yake kutoka sakafuni. Abiria wenzake nao wakainua yao. Gurudumu likagonga kitu laini, ndege ikapaa.

Mwanvita alinusurika. Mtoto alikuwa wa kiume.

Baada ya arobaini Maimuna alirudi Morogoro kwa basi. Ndege ya Songea inaendelea kuruka, na siku hizi haichelewi.