Bawa la Kushoto

Kaka mtu aliliweka boksi juu ya meza ya ukaguzi, akacheka mpaka gego likaonekana.

"Huyu hapa, mdogo wangu. Shakwe wa kaskazini. Manyoya ya mabawa yanamtoka, kama ilivyo kwao majira haya, si hawa wetu. Wewe andika tu."

Dada mtu ndiye mkaguzi wa ndege pale makumbusho. Shakwe wa kaskazini hakuwahi kuonekana pwani ile, na neno lake moja mbele ya kamati ya makumbusho lingempa kaka, kwa ugunduzi huo, ukurugenzi alioulilia miaka nenda miaka rudi.

Akampeleka ndege dirishani, akalikunjua bawa moja, kisha la pili. Mgongo, sawa, ulikuwa wa kijivu kizito, watu wangebishana ni wa kaskazini au wa hapa. Bawa halibishaniwi. Shakwe hubadili manyoya kwa zamu: ya ndani hutangulia, ya nchani hufunga kazi, kulia na kushoto sambamba. Huyu, ya ndani yalikuwa yaleyale ya zamani, kamili, ya nchani ndiyo hayapo. Kushoto yalipungua matatu, kulia mawili. Vitundu yalipotoka vilikuwa vimeganda damu.

Hasira zikampanda mpaka masikio yakamwaka. Uongo wa kaka aliuzoea tangu utotoni, na mara ngapi amemfichia. Lakini ni kaka huyuhuyu aliyemfundisha kumshika ndege, vidole viwili shingoni, kiganja mgongoni, taratibu, maana hana wa kumsemea.

"Umemnyonyoa."

"Yataota. Kwani nimemuua?"

"Tena umeanzia nchani. Hata kudanganya kumekushinda."

"Punguza jazba. Damu nzito kuliko maji. Mama akisikia umenikwamisha kwa sababu ya ndege, utamwambia nini?"

"Nitamwambia ulivyomshika."

Kaka akaacha kucheka. Akanyoosha mkono alichukue boksi lake, wayamalize nyumbani. Dada akauchapa ule mkono, kwa nguvu, kama wa mtoto anayedokoa chunguni. Kisha akainua simu, akampigia mwenyekiti wa kamati kaka akiwa amesimama palepale.

"Ni shakwe wa hapahapa," alisema, na sauti ilimtetemeka kwa ghadhabu, wala hakujali. "Hakunyonyoka, amenyonyolewa. Ndiyo, namjua aliyefanya. Tumezaliwa tumbo moja."