Siku Meli Ilipomleta Lalinda

Kaka yangu alishuka ngazi ya meli akiwa na stika ya namba kumi na nne kifuani, na mimi ndiye niliyekuwa chini, nimeinua bango la namba kumi na nne.

Nilimjua kwa mwendo kabla sijaiona sura. Tangu utotoni Lalinda hutembea bega la kushoto likitangulia. Alikuwa amenenepa, kavaa kofia ya jua na kaptura, na mkononi alimshika msichana wa miaka saba ambaye picha yake ilikuwa nyumbani kwetu, imebandikwa kwenye mlango wa kabati. Nyuma yao alikuja mkewe, Meredith, kampakata mvulana mdogo. Macho yetu yalikutana pale bandarini Colombo, saa mbili asubuhi, baada ya miaka kumi na miwili. Akafungua kinywa, akaniambia kwa Kiingereza cha mgeni kwa mgeni: "Habari za asubuhi. Basi letu ni lipi?"

Nikamwonyesha basi. Mkono ulinyooka wenyewe, kwa mazoea ya kazi.

Lalinda alikwenda Perth kusoma, akaoa huko, akapata uraia wa huko. Miaka ya kwanza ilikuwa ni makaratasi: kibali hiki hakijatoka, kile kimekwama. Halafu yakalipuka yale mabomu ya Pasaka, na serikali yake ikawaonya watu wake wasije kwetu. Halafu ugonjwa ukaifunga dunia nzima. Halafu ukaja mwaka wa kukosa mafuta, tulipolala barabarani kwenye foleni za petroli, na onyo likatolewa upya. Kila Jumapili alipiga simu, na kila Jumapili maneno yalikuwa yale yale: "Nangi, huku wametoa tahadhari ya safari. Nikija kwa ubishi, bima hailipi hata senti. Nina watoto sasa, mdogo wangu. Nifanyeje?"

Nilimwamini. Mimi kuliko wote nilimwamini, kwa sababu kazi yangu ni kuongoza watalii, na tahadhari hizo ndizo zinazonilisha na ndizo zinazoninyima. Kila asubuhi, kabla ya chai, hufungua kurasa za serikali nne za ng'ambo nione zimeandika nini juu yetu. Likibadilika neno moja tu, "kuwa mwangalifu" likawa "fikiri upya kama kuna haja ya kusafiri," basi kufika adhuhuri simu zimeanza: kundi hili limefuta, meli ile itapita bila kutia nanga, harusi ya ufukweni imehamishiwa visiwa vingine. Mwaka ule wa mafuta nilikaa miezi saba bila kupanda basi hata moja. Sasa mtu kama mimi angemshuku vipi kaka yake?

Shangazi zangu ndio waliomshuku. "Huyo kashajipatia mama mwingine wa kizungu," walimwambia Mama mbele ya uso wake, huku wakila vitumbua vyake. Mimi nikamkingia kifua. "Shangazi, wewe bima unaijua? Umewahi kukata bima hata ya baiskeli?" Nilifungua simu nikawasomea tahadhari neno kwa neno, kwa lugha yetu, mpaka wakachoka wakanyamaza. Nikiikumbuka sauti yangu ya siku zile, jinsi ilivyojaa uhakika, hutamani kujificha.

Na Mama hakuwa na muda wa kusubiri. Alikuwa na presha ya macho, ile ambayo daktari akishakwambia kilichopotea hakirudi, basi hakirudi. Uoni wake ulikuwa ukijifunga kutoka pembeni kuja katikati, amebakiwa na duara dogo mbele yake, upana wa sahani. Daktari alisema kabla mwaka haujaisha kutabaki nuru na kivuli tu. Mama aliyapokea hayo bila kulia. Alitaka jambo moja: awaone wajukuu zake kabla duara halijafungwa. Jioni nikirudi, hata viatu sijavua, alikuwa akiniuliza, "Wameandika nini leo?" Sidhani kama katika mji wetu mzima wa Panadura kulikuwa na bibi mwingine aliyefuatilia maneno ya serikali ya Australia kwa bidii kama yeye.

Miezi minne kabla ya meli ile, maneno yalishuka. Lile "fikiri upya" likaondolewa. Nilikimbia kutoka kituo cha basi hadi nyumbani kama mtoto aliyefaulu mtihani, tukampigia Lalinda hapo hapo. Akasema, "Watu wa bima bado hawajabadilisha, nangi. Tusubiri Aprili, mwaka mpya wetu." Mama akaanza kuhesabu siku za kufika Aprili. Akatoa sandukuni mashuka ambayo hayajawahi kutandikwa, akanituma nikayafue.

Meli yenyewe haikuwa ije kwetu. Ilikuwa iende bandari nyingine, huko magharibi, lakini serikali za wenye meli na za abiria zikatoa onyo juu ya bandari hiyo, na nahodha akageuza njia. Wakala alinipigia simu siku mbili kabla: "Thushari, nina wageni mia nane wanashushwa Colombo, nitafutie mabasi na waongozaji, hata wa kuokota." Nilicheka kwa furaha. Siku hiyo ilikuwa ya Poya, mwezi mpevu, watu wote wako hekaluni, lakini mimi nilikuwa na kazi.

Basi, ndiyo hivyo. Onyo la mahali pengine kabisa ndilo lililomleta kaka yangu mlangoni kwetu bila yeye kutaka.

Alikwenda kuketi kiti cha nyuma kabisa. Meredith akaja mbele karibu nami, maana watoto hutapika wakikaa nyuma. Dereva, mzee Wimalasena, alinitazama kwenye kioo. "Binti, unaumwa? Umekuwa mweupe kama mkate."

"Jua tu, mzee. Twende."

Tulikuwa bado hatujatoka mjini Meredith aliponiinamia. Ni mwanamke mpole; nalisema hilo kwa sababu ni kweli na kwa sababu ingenifaa zaidi angekuwa mbaya. "Mume wangu alizaliwa hapa," akaninong'oneza. "Ila hana mtu aliyebaki. Mama yake alifariki kabla hatujaoana, na hakuwa na ndugu. Leo tangu asubuhi hata chai hajanywa. Tafadhali usimuulize mambo ya kwao, huwa anaumia sana."

Nilimwambia, "Pole sana." Nikashika kipaza sauti nikawaeleza wageni thelathini na wanane habari za ziwa lililokuwa upande wa kushoto, kina chake na samaki wake.

Ndipo mambo yakaanza kujipanga kichwani, moja baada ya jingine. Kwa nini kila Jumapili alipiga simu akiwa ndani ya gari. Kwa nini, tukiomba kuongea na watoto, siku zote walikuwa wamelala. Perth iko mbele yetu saa mbili na nusu tu. Alikuwa akitupigia saa tisa alasiri. Ni watoto gani wa miaka saba wanaolala saa kumi na moja na nusu jioni, kila Jumapili, mwaka mzima? Mimi ninayepangia watu ratiba za saa na dakika sikuwahi kuipiga hesabu hiyo.

Tuliposimama kunywa madafu, alinifuata nyuma ya kibanda. Kwa mara ya kwanza akazungumza lugha yetu.

"Nangi, nakuomba. Usinifanyie jambo mbele ya watoto."

"Nikufanyie nini?"

"Nitakueleza. Si leo."

"Ulimuua lini, Aiya, kaka yangu? Niambie tarehe tu, nikamwambie Amma ajue alikufa lini."

Akaangalia kama kuna mtu anasikia. "Wazazi wa Meredith ni madaktari wote wawili. Mimi nitawaambia nini? Mama yangu anachoma vitumbua kando ya barabara? Nilikuwa kijana, nikasema uongo mmoja ili waache kuniuliza. Halafu kila mwaka ukawa mgumu zaidi kuurudisha."

"Na zile tahadhari?"

"Zilikuwa za kweli," akasema, na alionekana kuumia kwamba nimemshuku hapo. "Sikuzitunga mimi."

Na kweli hakuzitunga. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Aliukuta ukweli wa serikali, umeandikwa na wataalamu na kupigwa mhuri, akajificha nyuma yake miaka yote hiyo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea Mama ukweli huo kila jioni.

Kituo kilichofuata kwenye ratiba kilikuwa hekalu letu la Panadura. Huwapeleka wageni hapo kwa sababu watawa wananijua na hapana msongamano. Lalinda alidhani atapita tu, kuangalia sanamu na kuondoka. Alikuwa amesahau Poya ni siku gani kwa mama zetu. Mama alikuwa hapo tangu alfajiri, katika nguo nyeupe, amejifunga ibada ya siku nzima pamoja na wenzake, na asingetoka mpaka magharibi. Ningeweza kumwambia mzee Wimalasena apite moja kwa moja. Nilikiona kibao cha hekalu kwa mbali, nikaona bado kuna nafasi ya kusema, na sikusema.

Wageni wakavua viatu. Nikawaongoza uani, juu ya mawe yaliyokuwa yamepigwa na jua, hadi kwenye baraza walipoketi wanawake. Mama aliitambua sauti yangu. "Mwanangu, leo una watu! Miguu yao inasikika kama gwaride." Wenzake wakacheka. Yule msichana, Hazel, akavutiwa na sahani ya maua mapajani mwa Mama, akamsogelea. Mama akampa ua, kisha akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamvuta karibu mpaka akaingia kwenye duara lake.

Alimtazama muda mrefu. Nashukuru kwa hilo mpaka leo, maana sasa hata duara halipo.

"Huyu ametoka wapi?" akauliza.

"Australia, Amma."

"Aa! Kwa kaka yako." Uso wote ukafunguka. "Mwambie nina wajukuu huko, rika lake. Mwambie watakuja Aprili. Serikali yao imeshawaruhusu."

Meredith alikuwa kasimama pembeni, anatabasamu, anasubiri. "Anasemaje?" akaniuliza.

Lalinda alikuwa nyuma yake. Nikamgeukia, nikasema kwa Kiingereza, taratibu, "Bwana umezaliwa hapa. Mtafsirie mkeo."

Nilimpa mlango. Naapa ndivyo nilivyofikiri wakati ule: nampa mlango, apite. Akalamba midomo. Akamtazama mama yake, aliyemzaa na kumsomesha kwa moshi wa vitumbua, akiwa amemshika binti yake mwenyewe usoni.

"Anasema karibuni Sri Lanka," akamwambia mkewe. "Anasema mna mtoto mzuri."

"Oo, mwambie asante," alisema Meredith.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza. Mikono yake haikutoka kwenye mashavu ya mtoto. Kisha akasema kwa lugha yetu, hata hakuinua sauti, "Mawe yana moto. Mtoto anaungua nyayo."

Kabla sijafungua kinywa kutafsiri, Lalinda alikuwa ameshamnyanyua Hazel.

Meredith hakugundua kitu, alikuwa anapiga picha. Mikono ya Mama ilibaki hewani, imeshika pale uso ulipokuwa. Baadaye aliishusha, akaiweka mapajani, akaanza kupanga maua upya. Mimi ningeweza kupiga kelele. Lakini ningepiga kelele gani isiyomwambia Mama kwamba mwanawe alimzika akiwa hai? Nikainua bango langu, nikawaambia namba kumi na nne tunarudi kwenye basi.

Jioni nilipokwenda kumchukua Mama hekaluni, tulitembea tumeshikana mikono, naye hakuniuliza lolote isipokuwa kama watoto kwenye basi walikuwa na maji ya kunywa. Nilimwambia walikuwa nayo. Mashuka yale mapya aliyarudisha sandukuni mwenyewe, kwa kupapasa.

Jumapili iliyofuata simu ililia saa tisa, kama kawaida. Nilitaka kuikata. Mama akanyoosha mkono. Tulikuwa tumeketi nje, nami nikamwekea sauti ya juu.

"Amma," alisema Lalinda, halafu akakwama. Nyuma yake gari lilikuwa linanguruma.

"Mwanangu, Aprili msije," Mama akamwambia. "Huku si salama."

Nikasikia kaka yangu analia, kilio cha mtu mzima asiyetaka kusikika. "Amma, tahadhari si wameshaiondoa?"

"Wao wameondoa," alisema Mama. "Mimi bado."

Akanirudishia simu, akaniomba nimsogezee kiti kivulini.